Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Mke wangu ni mkunga, mimi ni mwongo. Naanza hivyo ili tusipotezeane muda. Ukunga wake una miaka thelathini na minne na watoto elfu mbili na ushei, wengine sasa wana vitambi na watoto wao wenyewe. Uongo wangu ulikuwa na miaka miwili tu, lakini ulikuwa umenona kuliko mtoto yeyote aliyewahi kumpima.

Mambo yalianza alipostaafu. Watu wakistaafu hufuga kuku au hugombana na majirani. Yeye alinunua madaftari saba makubwa, yale ya jalada gumu, akawa anajifungia jikoni kila alasiri na kuandika. Kumbe miaka yote ile ya wodini, akisubiri mama wa watu afikiwe na wakati wake, alikuwa akiandika vipande nyuma ya fomu zilizoharibika: nani kasema nini, nani kamlaani mumewe kwa maneno gani. Sasa alikuwa anaviunganisha viwe riwaya. Daftari la kwanza lilipojaa alinikabidhi, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Mzee wangu, wewe ni mkaguzi. Kagua."

Ni kweli mimi ni mkaguzi. Miaka thelathini na moja nilikaa mwisho wa mstari katika kiwanda cha mashati. Shati linakuja, natazama kola, vifungo, pindo, kisha nagonga muhuri kwenye kikadi chake: IMEKAGULIWA. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Lakini mashati elfu moja na mia mbili kwa siku, nani atayatazama kola na pindo? Baada ya mwaka wa tatu mkono wangu ulikuwa ukigonga wenyewe huku mimi napiga soga na fundi wa pasi. Na nawaapia, hakuna shati langu lililowahi kurudishwa, isipokuwa lile lenye mikono mitatu, na hilo hadi leo nasema ni hujuma.

Nilipostaafu waliniachia ule muhuri kama zawadi. Kwa hiyo nililichukua daftari la mke wangu, nikakaa chumba cha pili, nikafungua pedi ya wino wa zambarau, nikagonga kila ukurasa. Ta, ta, ta. Sikusoma hata mstari mmoja. Wiki chache baadaye likaja la pili. Kisha la tatu. Hivyo hivyo hadi la saba.

Mtauliza kwa nini. Mngesema uvivu, lakini uvivu sina. Niliogopa. Kitabu kikiwa kibaya, angeusoma uso wangu kabla sijafungua kinywa, maana uso wangu ni msaliti, haujawahi kunifichia siri. Na kikiwa kizuri, hapo ndipo pagumu zaidi: ningejua kwamba nimelala miaka arobaini ubavuni mwa mtu nisiyemjua. Muhuri hauna uso. Nikaona afadhali muhuri.

Basi mchapishaji akakipenda. Kitabu kikatoka, kurasa mia mbili arobaini na nane, na kwenye jalada la nyuma wakachapa picha ya ukurasa wa daftari wenye muhuri wangu, na chini yake maneno: "Kila ukurasa ulisomwa kwanza na mumewe." Nilipoyaona maneno yale nilikohoa hadi nikaletewa maji.

Miezi miwili baadaye wakamtuma mwandishi akakitangaze: miji mitano, siku nane, gari la kampuni, dereva mmoja mcheshi, maboksi kumi na manne, na mimi mbeba maboksi. Nilijiambia, safari ndefu, viti vizuri, nitakisoma njiani na mambo yaishe kimya kimya. Asubuhi ya kwanza, kabla gari halijatoka getini, nikaikalia miwani yangu ya kusomea. Niliikalia mimi mwenyewe, kwa makalio yangu mwenyewe.

"Si neno," mke wangu akasema. "Tutatumia yangu."

Kuanzia hapo macho manne yakategemea miwani moja, na miwani hiyo ilikaa puani pake.

Mji wa kwanza tulikuwa maktaba. Viti vilijaa, wengine wakasimama kati ya makabati. Mke wangu, ambaye nyumbani huongea kwa kunong'ona kana kwamba kuna mtoto kalala, alisimama mbele ya kipaza sauti na kuwatia wazimu. Alisoma kipande cha mama aliyedai mumewe ndiye afungwe kitandani badala yake, na mama mmoja mstari wa pili alicheka hadi akavua viatu. Nilimkodolea macho. Nikawa najisemea, huyu ndiye anayenikumbusha kuzima taa ya bafuni?

Kisha wakamuuliza nani alimtia moyo. "Yule pale nyuma aliyekaa juu ya boksi," akasema. "Kazi hii ni ya upweke, lakini mimi sikuifanya peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu chumba cha pili."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikapunga mkono kama mgombea. Hapo mwalimu mmoja mstaafu, mama mwembamba mwenye kitabu kilichokunjwa pembe kila mahali, akainua kidole.

"Swali langu ni kwa mzee. Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ulifika ukurasa wa mia na kumi na mbili?"

"Nilifika," nikajibu kwa sauti ya mkaguzi, "na nikapita!"

Ukumbi ukalipuka. Mkutubi alilaza kichwa mezani. Watu walikuwa wanapigana vikumbo, wananinyooshea vidole, wanafuta machozi. Na mimi nikacheka nao, tena kwa sauti kubwa, maana asiyecheka huonekana hajui. Mke wangu alinitazama juu ya miwani, akakisogelea kipaza sauti.

"Mmemsikia," akasema. "Alipita."

Wakaanza upya.

Tuliposimama kuongeza mafuta na yeye akaenda kunyoosha miguu, nilimsogelea dereva. Dereva alikuwa amekisoma kitabu mara mbili, alikuwa akikitaja kama watu wanavyotaja timu yao.

"Dereva, hivi ule ukurasa wa mia na kumi na mbili, wewe unauonaje?"

"Kwani mzee si umeukagua?"

"Nimeukagua. Nataka kujua wewe umeuelewa vipi."

"Mimi nimeuelewa vizuri sana, mzee wangu," akasema, akaenda kukagua tairi la nyuma ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nilimwona mabega yakimtikisika.

Mji wa pili, chuo cha wauguzi. Mji wa tatu, duka la vitabu lenye ngazi nyembamba ambako maboksi yalinitoa jasho la ubishi. Kote mke wangu alikuwa moto. Alikuwa na mtindo wake wa kusaini ambao hakuna aliyemfundisha: alijaza kitabu cha mtu kama anavyojaza kadi ya mtoto aliyezaliwa. Jina. Tarehe. Saa na dakika. Hali: nzuri, analia kwa nguvu. Watu walikuwa wanaonyeshana foleni nzima. "Mimi ni wa saa tisa na dakika ishirini!" "Mimi wa saa tisa na kumi na nane, kwa hiyo niheshimu, dada!" Watoto wake pia walikuja, wale wa wodini. Jitu moja la miraba minne, fundi wa magari, liliinama mbele yake likasema, "Mama, mimi ulinipokea alfajiri. Mama yangu anasema nilitoka na hasira."

"Nakukumbuka," mke wangu akasema, na nadhani kweli alimkumbuka. "Uliniponyoka. Hasira zimepungua?"

"Kidogo, mama."

Akamwandikia: Hali: anaendelea vizuri. Fundi akaondoka amekibana kitabu kifuani, macho yamemlowa, akaigonga fremu ya mlango kwa bega.

Mimi nilifurahi, jamani. Nisiseme uongo mwingine. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile tangu siku ya harusi, na siku ya harusi viatu vilinibana. Nilikuwa napanga vitabu mezani huku naimba. Lakini kila mahali, bila kukosa, mtu aliuliza. Wauguzi wanafunzi waliuliza wote kwa pamoja, kwa mdomo mmoja, kama kibwagizo, na mmoja akaongeza, "Babu, na jikoni je?"

"Ukaguzi hauchagui chumba," nikajibu. Walianguka kwenye viti.

Katika duka la vitabu mzee wa rika langu alinishika bega, akasema taratibu, "Ndugu yangu, hata mimi ningepita. Tumeumbwa vibaya." Akaenda zake. Hilo halikunichekesha. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilianza kuuona mwisho wa yangu.

Kilichonitisha sasa kilikuwa kimoja. Kila mji alisimama mbele ya watu na kusema hakuifanya peke yake. Akisema hivyo sauti yake hulegea kidogo na mabega hushuka, kama mtu aliyeketi baada ya zamu. Nikifumaniwa, nitakuwa nimemnyang'anya hilo mbele ya miji mitano. Ningeweza kukiri, ndiyo. Kila asubuhi niliamka nimeamua kukiri, na kila asubuhi yeye alikuwa ameshaamka, anachagua gauni la siku hiyo mbele ya kioo, anapiga mluzi. Nani atamkatiza mtu anayepiga mluzi?

Nikajaribu kusoma kwa wizi. Katika nyumba ya wageni nilijifungia bafuni, nikakinyoosha kitabu kwa urefu wote wa mkono hadi mlangoni, na herufi zikatambaa kama sisimizi kwenye sukari. Nikajaribu kumvua miwani alipojilaza mchana. Akafumbua jicho moja. "Unataka nini, mzee wangu?" Nikasema nilikuwa namfuta vumbi.

Mwisho nilimwendea msichana wa mapokezi, nikamwambia macho yangu mabovu, anisomee ukurasa mmoja tu. Akatafuta, akaanza kusoma kimya kimya kwanza. Akafika chini. Akanitazama mimi, akatazama picha ya muhuri kwenye jalada la nyuma, akanitazama tena.

"Babu, huu usome mwenyewe," akasema. Akanirudishia kitabu kwa mikono miwili, kisha akaniletea chai ambayo sikuiagiza. Niliinywa yote.

Mji wa nne nikasema naumwa tumbo, nikabaki garini na maboksi matupu. Hata huko walinifuata. Mama mmoja aligonga dirisha ili tu aniulize.

Mji wa tano ndio ulikuwa wa mwisho, na ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko yote, wa manispaa, una jukwaa na mapazia. Watu walianza kujaa mapema. Mwenye shughuli akanishika mkono akaniambia, "Mzee, leo na wewe utakaa jukwaani. Wasomaji wameomba." Nikamwambia sawa, ngoja ninunue maji. Nikatokea mlango wa nyuma nikiwa na kitabu kwapani. Sijui nilikuwa nakwenda wapi. Ukweli ni kwamba nilikuwa natoroka.

Sikufika mbali. Nilipokata kona nikamkuta mchuuzi amesimamisha ubao uliojaa miwani, safu kwa safu, inamulika jua. Siku nane nalia na miwani, na hata siku moja halikuniingia akilini kwamba miwani huuzwa! Miaka thelathini na moja ya ukaguzi, na akili yangu ndiyo hiyo.

"Ya kusomea, mzee? Jaribu hii. Soma hapa." Akanipa kipande cha gazeti kuukuu.

"Nina cha kusoma," nikasema. Nikaivaa, nikafungua kitabu, nikatafuta. Mia na nane. Mia na kumi. Mia na kumi na mbili. Nikasimama pale pale kwenye kona, watu wananipita kushoto na kulia, nikasoma:

"Hapa nasimamisha hadithi kidogo. Wewe uliye chumba cha pili, mkaguzi wangu, madaftari matatu umeyapitisha na nimekusikia: ta, ta, ta, bila pumzi katikati. Hakuna anayesoma haraka hivyo. Sikulaumu. Lakini nimepokea watoto wa watu zaidi ya elfu mbili, na kila aliyetoka alikuta mtu mwingine anamsubiri mlangoni. Hiki changu nakizaa nikiwa peke yangu. Kwa hiyo nakuwekea neno hapa, katikati ya daftari la nne, mahali ambapo muhuri haufiki. Siku utakayousoma mstari huu, uache wino, uje jikoni. Usiniambie kama ni kizuri. Usiseme neno lolote. Nishike mkono tu, nami nitajua umefika. Nitakuwa naosha vyombo. Nitaviosha taratibu."

Halafu mstari uliofuata hadithi iliendelea, mama wa watu anaomba maji ya moto. Mhariri alidhani yote ni maneno ya yule mkunga wa kitabuni, akayaacha, na mke wangu naye akamwachia.

Nikakumbuka. Ulikuwepo wakati fulani, baada ya daftari la nne, ambapo alikuwa akichukua saa nzima kuosha sahani mbili na vikombe. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mimi, mjuaji, nilipaza sauti kutoka chumba cha pili: "Mama, hizo sahani zimekukosea nini?" Na yeye akajibu, "Zina mafuta." Nikacheka peke yangu kwa utani wangu mzuri.

"Mzee, inaona?" mchuuzi akaniuliza.

"Inaona."

"Mbona unalia? Nikupe namba nyingine?"

Nikamwachia noti nikaondoka. Nikatembea. Kisha nikaona kutembea hakufai, nikakimbia. Nina miaka sitini na saba, goti moja ni la kuazima, na nilikimbia mbele za watu na miwani ya kusomea usoni, barabara yote imekuwa ukungu, nagonga watu na kuomba radhi, nagonga nguzo na kuomba radhi. Dereva alikuwa kwenye ngazi za ukumbi. Aliniona, akaona kitabu kilivyofunguka mkononi, akaacha kutabasamu. Akanifungulia mlango.

Mkutano ulikuwa umeshaanza. Mke wangu alikuwa jukwaani, amekaa mezani, kando yake kiti changu kitupu. Alikuwa anajibu swali, na swali lenyewe lilikuwa lile lile, maana nilimsikia akisema, "Hilo mumuulize mwenyewe akirudi na maji." Watu wakacheka. Nikaanza kuteremka kati ya viti nikihema kama pampu. Waliokuwa nyuma wakageuka. Kisha waliokuwa katikati. Kicheko kikafa safu kwa safu, maana walikitambua kitabu na walijua kimefunguliwa wapi. Nahisi walijua yote kabla sijafika mbele.

Nilipanda zile ngazi tatu. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa na msamaha wa kuomba wa miaka miwili na siku nane. Lakini ukurasa ulisema usiseme neno. Nikaketi, nikauchukua mkono wake wa kushoto, nikaushika.

Mke wangu aligeuka. Alinitazama. Akatazama miwani mipya. Mkono wake ulikuwa baridi, kisha ukanibana kwa nguvu za mkunga, nguvu ambazo zimewavuta elfu mbili na ushei, nikasikia vidole vinalia.

"Jikoni ni mbali kutoka hapa," akasema. Kipaza sauti kikaipeleka sauti yake hadi mlangoni. "Lakini umefika."

Siwezi kuwaeleza kelele zile. Watu walisimama juu ya viti. Mwenye shughuli alikuwa analia kwenye karatasi za ratiba. Huko nyuma dereva alikuwa anapiga miluzi kama yuko uwanjani. Mke wangu alivua miwani, akafuta macho kwa kiwiko kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kalamu na mwingine nilikuwa nimeushikilia, kisha akainama sikioni mwangu.

"Umesoma kurasa ngapi?" akanong'ona.

Sikusema neno. Nikainua kidole kimoja.

"Mmoja? Mmoja tu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alianza kucheka, akacheka hadi meza ikatikisika na ukumbi mzima ukaanza kucheka naye bila kujua sababu.

"Basi bado mia mbili arobaini na saba," akasema, na hakuniachia mkono.